Mkuu, usichome hiyo genta kesho

Simama hapo hapo. Koo limeuma Jumamosi, Jumapili mkojo rangi ya chai ya rangi, maabara ya mtaani Tandika wamekuandikia "UTI sugu" na kesho unaanza sindano za genta (gentamisini, dawa ya kuua bakteria) siku saba? Hiyo picha naijua, mimi ndiye niliyekuwa staringi.

Kwangu ilianzia Buguruni, 2019. Kila nikiumwa koo, kesho yake au keshokutwa nakojoa Coca-Cola. Haichomi, haiumi. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu, lakini yule jamaa wa koti jeupe na hadubini moja alishaandika UTI kabla sijafunga zipu. Nikachomwa genta, mkojo ukasafika. Kumbe ile damu huisha yenyewe baada ya siku chache, mimi sifa nikaipa sindano! Ikarudi, tukachoma tena. Mara ya tatu jamaa akasema kichocho, ule ugonjwa wa konokono wa maji baridi, wakati mimi maji pekee niliyowahi kuogelea ni ya Coco Beach, labda konokono wa chumvi. Kiuno kikiuma, natafuna diklofenaki kama karanga. Genta inapiga figo, diklofenaki inapiga figo, na zote nimelipia kwa hela yangu, chenji nikadai.

Miguu ilipovimba, presha 170/110 na umri 31, ndipo nikafika kwa daktari wa figo. Akauliza: "Protini ya mkojo na kreatinini ulipima lini?" Nikabaki kutazama feni. Kumbe kreatinini ni taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyochuja. Wakachukua kinyama cha figo kwa sindano, jibu likatoka nefropathi ya IgA, ule ugonjwa ambao Mfaransa Berger aliueleza 1968. Kingamwili za IgA zinatengenezwa zikiwa na kasoro, zinashikana mabonge, zinaganda kwenye vichujio vya figo. Hapo hakuna bakteria wa kuua. Ningechoma genta mpaka nishindwe kukaa kwenye daladala, isingesaidia kitu. Na bila kile kinyama hakuna anayeweza kukuthibitishia, hata awe na hadubini kumi.

Sasa hivi nameza losatani, dawa ya presha inayolinda na figo, maisha, na kilichopotea kwenye figo hakirudi.

Sisemi unao, mimi si daktari. Nasema HAKUNA DAWA KABLA YA PROTINI, KREATININI NA PRESHA. Kesho asubuhi beba mkojo, nenda hospitali ya rufaa, na ukipita Tandika usimsalimie jamaa wa ile maabara, atakuchoma.