Gogo la ufukweni kwenye tangi la samaki: loweka kwanza

Mkuu pole sana. Umesema gogo umeliokota Kunduchi, ukalisuuza tu na kulitumbukiza kwenye tangi siku hiyohiyo, sa hivi siku ya 3 maji yamekuwa kama chai ya rangi na samaki wanahema juu juu. Litoe sasa hivi, badili maji kama theluthi (ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini ipungue) na pampu ya hewa isizimwe usiku. Rangi isikutishe, ni tanini tu, yaani rangi ya asili inayotoka kwenye mti, na haiui samaki, wengine wanaofuga beta (samaki wadogo wa mapambo) wanatia kabisa majani makavu ya mti wa mkungu ili waipate. Wanahema juu kwa sababu hewa imepungua majini, yaani kuna uwezekano mkubwa gogo lina uozo ndani na bakteria wanaoula uozo ndo wanamaliza oksijeni. Alafu la baharini lina chumvi pia.

Mimi yalinikuta, nilipoteza gapi 11 (nao ni samaki wadogo wa mapambo) usiku mmoja na iliniuma sana maana niliwalea toka wakiwa kama punje ya mchele. Asubuhi nikalikata lile tawi kwa msumeno, nje gumu kabisa, ndani jeusi, limelegea kama mkate uliolowa na linanuka yai viza. Tangu siku hiyo sibebi mti kabla sijaubonyeza kwa ukucha wa dole gumba kila upande na kuchoma ncha ya kisu kwenye nyufa, pakibonyea tu nauacha hapohapo.

Ukipata gumu, toa maganda yote, sugua kwa brashi ngumu na maji matupu, sabuni wala jiki usiguse kwa sababu mti unanyonya na utakuja kuitema ndani ya tangi. Chemsha saa 1 au 2, hapo unaua vijidudu na tanini nyingi inatoka, ila usichemshe siku nzima mti utalegea. Kama haliingii kwenye sufuria liweke kwenye pipa ulimwagie maji yanayochemka, ligeuze, rudia. Kisha loweka, na hapa ndo watu wengi tunakosa subira. La mtoni wiki 2 zinaweza kutosha, la baharini mimi naloweka mwezi na zaidi, maji nabadili kila siku mbili tatu. Kujua kama chumvi imeisha, loweka mara ya mwisho kwa maji ya mvua (visima vingi vya Dar vina chumvi vyenyewe vitakudanganya), chota kijiko kimoja weka kwenye kisahani cheusi juani, yakikauka yakaacha utando mweupe basi bado.

Likiwa linaelea lifunge kwenye jiwe kwa mshipi wa kuvulia, lenyewe litazama likishashiba maji. Misumari ya bati na waya wa shaba hapana, zinki na shaba ni sumu kwa samaki. Mti mbichi usiweke, msonobari una utomvu, na mnyaa usiusogeze kabisa maana maziwa yake watu wanavulia samaki kama sumu. Mpera uliokauka vizuri ni mzuri sana, mgumu na matawi yake yamejikunja vizuri. Mikoko msikate jamani, okota kilichokufa tu.

Wiki za mwanzo utaona ute mweupe kama pamba umelizunguka gogo, usipaniki, hauna madhara, futa kwa brashi au waache samaki wale, baada ya muda unaisha wenyewe.

Ila hujasema una samaki gani. Kama ni wale wa Ziwa Tanganyika wa Kigoma, wao wanataka maji magumu yenye alkali na mti unavuta kwenda upande wa asidi, hao wapangie mawe tu. Kama ni gapi au beta tuma picha ya gogo lilipokatwa tuone ndani.