Jibu: Monita inawaka sekunde mbili kisha giza

Kwa kuwa taa ya pawa inabaki imewaka na picha huonekana kidogo kabla ya kupotea, mimi naanza kushuku mwanga wa nyuma (taa zinazomulika kioo kutoka ndani), sio kioo chenyewe kinachochora picha. Hakikisha hivi: ikiwa giza, mulika skrini kwa tochi kali kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, kioo ni kizima, tatizo ni mwanga wa nyuma.

Sasa chomoa waya wa umeme kabisa na uache muda kabla ya kufungua. Ile kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) kubwa upande wa umeme wa ukutani huweza kubaki na volti zaidi ya 300, kwa hiyo ipime kwa mita kwanza. Hapa sifanyi mzaha.

Kwenye bodi ya pawa tafuta kapasita zilizovimba kichwani au kuvuja. Ni ugonjwa wa kawaida mno kwa monita za zamani. Ukibadilisha, maikrofaradi (kipimo cha uwezo wake, huandikwa µF) zilingane, volti ziwe sawa au zaidi, na uchague za kuhimili joto la nyuzi 105 za Selsiasi. Angalia upande wa hasi kabla ya kuilehemu kwa risasi, ukigeuza, itapasuka.

Kapasita zote ziko sawa? Basi ni inveta (sakiti inayowasha mwanga wa nyuma) au mojawapo ya taa zake nyembamba za mrija: moja ikichoka, sakiti huzima zote. Kama yako ni ya LED haina inveta ya namna hiyo, kwa hiyo pima volti zinazofika kwenye taa.

Tupe modeli na picha ya bodi.