Zepelini na blimpu si kitu kimoja, tazameni mifupa

Yakhe aliyeuliza kwani zepelini na blimpu si maputo tu yenye injini, hapana, tofauti ipo tena kubwa. Mie kazi yangu kuunda madau huku Nungwi na mara nyengine naletewa boti za mpira za wazamiaji nizizibe, kwa hivo haya nimeyajua kwa mikono kabla sijayasoma.

Blimpu ndo boti ya mpira. Haina mfupa, umbo linashikwa na presha ya gesi, itoe tu linalala chini kama kanga. Siku moja nilijaza boti alfajiri nikaisahau juani, kufika saa saba imekaza kama ngoma na mshono wa pembeni ukaachia. Blimpu ikipanda inakutana na hilo hilo, huko juu hewa ya nje nyepesi gesi inataka kutanuka, ndo maana ndani wanaweka mifuko ya hewa ya kawaida, gesi ikitanuka hewa inatolewa, ikishuka inajazwa tena.

Aina ya pili ya vyombo hivi vya angani imetiwa mkuku tu, yaani ule uti mrefu wa chini wa chombo, injini na watu wanabebwa na mkuku ila mwili bado unataka presha. Norge iliyopita juu ya ncha ya kaskazini 1926 ilikuwa hivo.

Zepelini sasa ni jahazi kamili, mataruma, yaani mbavu, ya madini mepesi toka tezi mpaka omo, nyuma mpaka mbele, juu kitambaa, na gesi imo kwenye mifuko mbali mbali ndani, mmoja ukitoboka umbo liko pale pale. Ndo maana ziliweza kuwa kubwa vile, Hindenburg urefu wake mita 245! Na wanaosema iliungua 1937 kwa sababu ya aina yake wanachanganya, ilijazwa haidrojeni, gesi inayowaka, hata blimpu ukiitia hiyo itawaka. Halafu jina lisikudanganyeni, Zeppelin NT ya siku hizi ina mifupa ndani lakini umbo inashikiwa na presha ya heliamu, gesi isiyowaka.

Inayonigusa mie ni L59, zepelini ya Wajerumani. Novemba 1917 ilitoka Bulgaria kuwapelekea wenzao waliokuwa vitani mizigo huku bara kwetu, Tanganyika, na ikifika ilikuwa hairudi, ivunjwe yote, kitambaa kishonwe mahema, mataruma yafanyiwe kazi nyengine. Ikafika Sudan ikaitwa irudi, saa 95 angani bila kutua.