Mbona pH haishuki? Maswali yenu kuhusu bafa, mchanganyiko unaozuia pH (kipimo cha uasidi) isiyumbe asidi au besi ikiingia

Asidi dhaifu ina nini ambacho asidi kali haina? (Mwanafunzi, Likoni)

Asidi asetiki, ile ya siki, huachia sehemu ndogo tu ya haidrojeni yake. Ukiichanganya na asetati ya sodiamu unapata akiba mbili: asidi ya kumeza besi itakayoingia, na asetati, besi mwenza wake, ya kunasa ioni za haidrojeni. Asidi haidrokloriki imeshaachia zote, na kloraidi yake haizirudishi. Ndiyo maana ukiichanganya na chumvi ya mezani hupati bafa, hata uchanganye kutwa nzima.

Maabara yetu haina asetati ya sodiamu. Nitapataje bafa ya pH 5? (Fundi wa maabara, Tudor)

Itengeneze humo humo kwenye bika. Mililita 100 za asidi asetiki ya molari 0.2 (moli 0.2 kwa lita), mililita 63.5 za sodiamu haidroksaidi ya molari 0.2, kisha maji yaliyokenekwa hadi mililita 200. Asilimia 63.5 ya asidi inageuka asetati. Uwiano wa asetati kwa asidi ni 1.74 kwa 1, loga yake 0.24, jumlisha na pKa (kipimo cha nguvu ya asidi yenyewe) ya 4.76 upate pH 5.00.

Mita ikisoma karibu 4.9 usiilaumu: ioni zikisongamana, hesabu ya karatasini hukosea kidogo. Malizia kwa matone ya haidroksaidi. Angalia tu usifike mililita 100, kwani hapo asidi imekwisha na pH huruka hadi karibu 9.

Ijaribu kwa mililita 1 ya haidrokloriki ya molari 1. Bafa itashuka hadi 4.91 hivi, maji matupu ya ujazo uo huo yangeporomoka hadi 2.3.

Na nikiizimua? (Huyo huyo)

pH haisogei sana, maana uwiano ni ule ule. Akiba ndiyo inayopungua.

Bwawa letu la kuogelea, tukitia asidi kidogo tu pH inaanguka. Kwa nini? (Mtunza bwawa, Nyali)

Bafa yenu ni asidi kaboniki na bikabonati, na bikabonati imekwisha. Pima ualkali jumla, yaani uwezo wa maji kumeza asidi. Chini ya miligramu 80 kwa lita ni haba. Kwa kila lita 10,000, gramu 170 za bikabonati ya sodiamu huongeza takriban miligramu 10 kwa lita. Bwawa la lita 50,000 lililo kwenye 50 linataka kilo 2.5 hivi lifike 80. Tia nusu, pampu ikizunguka, upime kesho yake kabla ya kutia iliyobaki. Magadi msitie badala yake: kaboneti iliyomo hupandisha pH kwa kishindo.