Myahudi aliyebatizwa, Mkristo aliyetahiriwa: shuhuda zao tuzipokee vipi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Kwenye semina ya makatekista tulisimuliwa habari za Herman, Myahudi wa Cologne aliyebatizwa karne ya 12. Tukaambiwa ni uthibitisho kwamba Myahudi akifafanuliwa Maandiko vizuri ataamini tu. Baadaye nikasoma kwamba zama hizohizo kuna Mkristo wa Italia aliyeingia Uyahudi. Tuzipokee vipi shuhuda hizi? Na waliobatizwa kwa nguvu walikuwa Wakristo kweli?

JIBU: Milele amina. Aliyewafundisha hivyo nadhani hakuusoma ushuhuda wenyewe, maana Herman anasema karibu kinyume chake. Alimkopesha Askofu Ekbert wa Münster fedha bila rehani. Wazazi wake wakahamaki, wakamtuma akakae kwa askofu hadi deni lilipwe. Huko akajadiliana na Rupert wa Deutz, mwanateolojia mkubwa wa Ujerumani wakati ule. Rupert alimjibu hoja zote, na Herman hakusogea hata hatua. Kilichomgusa ni Richmar, msimamizi wa nyumba ya askofu. Siku moja askofu alimletea huyo Richmar mkate mweupe na nyama ya kuchoma kutoka mezani pake. Richmar akampa Herman vyote, mwenyewe akala mkate na maji. Na mwishowe Herman anasema aliongoka kwa sala za wanawake wawili, Bertha na Glismut. Rupert hapewi sifa hiyo.

Sasa angalia ndoto yake. Akiwa na miaka 13 aliota Kaisari Heinrich akimpa farasi mweupe, mshipi, na mfuko wenye sarafu saba. Ndugu yake mmoja akaifasiri: mke wa ukoo bora, heshima na mali. Alipokwisha kuwa padre katika shirika la Mtakatifu Norbert, akaifasiri upya: farasi ni neema ya ubatizo, sarafu ni vipaji saba vya Roho Mtakatifu. Simwiti mwongo. Ila mtu anayesimulia wongofu wake huyapanga ya nyuma kwa kutazama alipofikia, na wanahistoria wanabishana hadi leo ni kiasi gani cha kitabu cha ushuhuda wake kilitoka mkononi mwake.

Yule wa Italia ni Yohane wa Oppido, Mnormani (wa ukoo wa watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa), aliyetahiriwa mwaka 1102 akaitwa Obadia. Naye anasimulia ndoto aliyoota akiwa kanisani! Naye ana andiko lake, la nabii Yoeli: "Jua litageuzwa kuwa giza, na mwezi kuwa damu." Ukimtumia Herman kama uthibitisho, jirani yako Myahudi atakuletea Obadia, nawe utakosa la kumjibu.

Kuna jambo katika kitabu cha Herman ambalo kwenye semina hulisikii. Kabla hajabatizwa alimtorosha mdogo wake wa miaka saba kutoka Mainz, akamweka kwenye monasteri ili alelewe Kikristo. Analieleza kama ushindi. Mimi naliita wizi wa mtoto, na Mtakatifu Thomas wa Akwino katika karne iliyofuata alifundisha wazi kwamba watoto wa Wayahudi wasibatizwe bila ridhaa ya wazazi wao.

Kuhusu nguvu: mwaka 1096 wanavita wa msalaba waliwapa Wayahudi wa miji ya Rhein ubatizo au upanga. Mwaka uliofuata Kaisari Heinrich IV akawaruhusu waliobatizwa hivyo warudi kwenye dini yao. Mwaka 1201 Papa Inosenti III akasema aliyekataa moja kwa moja hakupokea kitu, lakini aliyekubali kwa hofu amepokea alama ya ubatizo na abaki Mkristo. Sheria hiyo iliwabana maelfu ya watu, na sioni sababu ya kuipamba. Leo Kanisa, kwa tamko la Mtaguso wa Vatikano II la mwaka 1965 juu ya uhuru wa dini, linafundisha kwamba asilazimishwe mtu yeyote kuipokea imani. Mtu mzima anayekuja kwako kwa hofu ya mume, ya mwajiri au ya umati, usimpeleke kisimani, mwambie asubiri.