Kabla Hujanunua Bango la Bruce Lee, Zijue Tarehe Zake

Mwaka 2011 nilinunua mjini Kisumu bango la filamu ya Game of Death lenye sahihi ya Bruce Lee kwa wino mweusi, na nikalilipia shilingi 3,500 ambazo nilikuwa nimezitenga kwa ajili ya kodi ya nyumba. Muuzaji alilikunjua juu ya meza taratibu, kwa vidole viwili, nami sikuthubutu hata kuomba punguzo. Lilikaa ukutani kwangu wiki nzima kabla sijapata akili ya kuhesabu miaka. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, na filamu ile ilitoka mwaka 1978, baada ya wenzake kuikamilisha kwa kutumia watu waliofanana naye. Sahihi niliyokuwa nikiionyesha wageni ilikuwa imetiwa kwenye bango la filamu ambayo mwenyewe hakuishi kuiona.

Ndiyo maana mtu anaponiuliza aanzie wapi kukusanya kumbukumbu za nyota wa filamu za mapigano, humwambia aache pesa zake mfukoni kwanza, ajifunze maisha ya nyota huyo mwaka kwa mwaka. Kwa Bruce Lee kazi hiyo si ngumu, kwa kuwa alikufa akiwa na umri wa miaka 32. Alizaliwa San Francisco mwaka 1940, baba yake akiwa ziarani Marekani na kundi la opera ya Kikantoni, akakulia Hong Kong, akaigiza filamu tangu utotoni na kujifunza Wing Chun, mtindo mmoja wa kung fu, kwa mwalimu Ip Man. Aliporudi Marekani alipata nafasi katika tamthilia ya televisheni ya The Green Hornet, kati ya mwaka 1966 na 1967, ambamo stelingi alikuwa mtu mwingine na yeye alikuwa dereva wake, ingawa kila aliyetazama alijua ni nani hasa aliyekuwa akipigana. Umaarufu wenyewe ulikuja aliporejea Hong Kong: The Big Boss mwaka 1971, kisha Fist of Fury na Way of the Dragon mwaka 1972, na Enter the Dragon iliyotoka mwaka 1973 akiwa tayari kaburini.

Niruhusu nikae kidogo kwenye Way of the Dragon, kwa sababu aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Sisi tuliolitazama pambano lake na Chuck Norris katika kibanda cha video mtaani Bondeni, Nakuru, tukiwa tumebanana kwenye viti virefu vya mbao, tulikumbuka mateke tu. Nilipolitazama tena nikiwa mtu mzima ndipo nilipomwona yule mtoto wa paka anayewatazama ndani ya uwanja wa kale wa Roma, na ndipo nilipoona kwamba baada ya kumuua mpinzani wake, Bruce Lee anamfunika kwa vazi lake na kumwekea mkanda wake mweusi juu. Wengi waliomwiga baadaye waliiga ukelele wake, lakini heshima ile kwa adui hawakuiona.

Kuzijua filamu hukukinga pia na mtego wa majina. Walipozipeleka Marekani, The Big Boss iliitwa Fists of Fury, na Fist of Fury ikaitwa The Chinese Connection, kwa hiyo herufi moja tu, ile s ya Fists, inaweza kukufanya ulipie filamu nyingine. Ukikutana na bango linalodaiwa kuwa la asili kutoka kumbi za Marekani za miaka hiyo, chukua futi. Kipimo cha kawaida kilikuwa inchi 27 kwa 41, na mabango yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa, kwa hiyo alama za mikunjo si kasoro, bali ni jambo la kutarajiwa. Lile lenye inchi 24 kwa 36, laini lisilo na mkunjo hata mmoja, kwa kawaida lilichapishwa ili libandikwe chumbani. Hakuna ubaya kulinunua, mradi ulipe bei ya pambo. Kuhusu sahihi, iinamishe karatasi chini ya mwanga na uitazame kwa lenzi: ikiwa imeundwa na vitone vilevile vilivyounda picha, basi ilichapishwa pamoja nayo. Ikiwa ni wino halisi, bado unastahili kuuliza imepitia mikono ya nani, na muuzaji anayekasirishwa na swali hilo amekwisha kukujibu.

Utunzaji ndio ulionitesa zaidi. Nakuru adui wangu alikuwa vumbi, ambalo kitambaa kikavu kinaliweza. Nilipohamia Kisumu kikazi niliweka kanda zangu za video katika sanduku la bati chini ya kitanda, na baada ya msimu mmoja wa mvua nikazikuta na unga mweupe wa kuvu kwenye kingo za utepe. Nikafanya kosa la pili, nikaitia mojawapo kwenye deki, na kuvu ikahamia kwenye kichwa cha deki na kutoka hapo ikaingia katika kanda nyingine zilizokuwa safi. Kanda zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na sakafu, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mabango yasiguswe na seloteipu kamwe, wala yasitundikwe mkabala na dirisha, maana jua hula wekundu kwanza.

Kitu ninachokithamini kuliko vyote sikukinunua. Mzee aliyekuwa mwenye kile kibanda cha Bondeni alipofunga biashara alinipa ubao mweusi aliokuwa akiuegemeza mlangoni, ukiwa bado na maandishi ya chaki: LEO SAA NANE BRUSLI. Fundi wa fremu alitaka kuupuliza dawa ya kushikiza chaki, nikamzuia, kwa kuwa nilihofia dawa ingefuta chaki yenyewe. Badala yake aliweka vijiti vyembamba pembeni ili kioo kisiguse maandishi. Herufi ya mwisho ya jina imefifia nusu. Niliifuta mwenyewe kwa mkono wa koti, ndani ya matatu, siku nilipokuwa nikiupakata kwenda nao Kisumu.