Kabla Hujatia Sahihi Ruzuku ya Utafiti

Mwaka 2019, mizigo ya bara kutoka bandari ya Mombasa ilipoanza kulazimishwa kuacha malori na kupanda reli mpya ya SGR, nilipata ruzuku ya wakfu mmoja wa ng'ambo. Nichunguze biashara ndogo za kando ya barabara, Changamwe hadi Mariakani. Kwa furaha nilitia sahihi usiku uleule. Kifungu kimoja nilikipita mbio: ripoti isitoke bila idhini ya mfadhili.

Tulihoji wenye gereji, madereva, maturnboi, kina mama wauza chakula. Matokeo hayakumpendeza mfadhili. Hakukataa, alinyamaza tu, na mkataba ulinifunga mdomo. Septemba 2022 Rais Ruto alipotangaza shughuli za kutoa mizigo ya bandari zirudi Mombasa kutoka bara, takwimu zetu zilikuwa bado kabatini. Mzee mmoja wa gereji pale Miritini aliniuliza, "Mwalimu, yale mlotuuliza yamekwenda wapi?" Aibu ile ninayo hadi leo.

Basi wewe mhadhiri kijana, anza na kifungu cha uchapishaji. Kiandikwe wazi kuwa utachapisha matokeo yoyote yatakayopatikana. Mfadhili apewe rasimu siku 30 atoe maoni, lakini asiwe na uwezo wa kuizuia. Akigoma, muachie pesa zake. Najua ni vigumu kusema hivyo na kodi ya nyumba inangoja, ila nasema kwa yaliyonipata.

Wafadhili siwachukii. MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyozaa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ilijengwa kwa michango, ya Aga Khan na ya Mabohra ikiwemo. AERC ya Nairobi nayo, jumuiya ya utafiti wa uchumi wa Afrika, tangu 1988, inasaidia wachumi wa Afrika kwa pesa za wakfu na serikali za nje. Ila pale wafadhili ni wengi, na ajenda ya utafiti huamuliwa na kamati ya wanataaluma. Ukipata mfuko wa namna hiyo, ukimbilie kwanza.

Mengine ni ya ofisini: uliza mapema chuo kitakata asilimia ngapi ya ruzuku, na kibali cha NACOSTI, tume ya serikali ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, kiwe mkononi kabla hujahoji mtu.

Halafu bajeti. Siku hizi sikosi kuweka fungu la kurudi kwa tuliowahoji: nauli, viti, chai na mahamri, na kurasa nne za matokeo kwa Kiswahili. Mfadhili mmoja aliwahi kuliuliza fungu hilo ni la nini. Nilimsimulia habari ya yule mzee wa Miritini, akalipitisha.